Sikio la Sista

Ukitaka habari ifike mtaa wa pili kabla nywele zako hazijakauka, mnong'oneze mwenye saluni. Wateja walimbandika jina la Spika, naye akalipokea kama cheo. Alisuka vizuri, hakuvuta nywele za kisogoni, na alimlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Mdomo tu ndio haukuwa na breki.

Mdogo mtu alifanya kazi hapo hapo, kwenye sinki la kuoshea vichwa. Tangu utotoni kila jambo lilianzia kwa dada: jino likiuma, dada, moyo ukidunda, dada. Halafu ghafla akaanza kwenda parokiani kila Alhamisi kwa Sista mmoja mzee, mlezi wake wa kiroho. Anaondoka amekunjamana kama taulo lililokamuliwa, anarudi amenyooka. Na haelezi kitu.

"Mnaongea nini huko?"

"Mambo ya roho, dada."

"Na hiyo roho nani aliyeinywesha uji?"

Mdogo mtu alicheka, akaendelea kusugua sinki. Kicheko kile kilimchoma Spika kuliko tusi. Angeporwa mume, angejua pa kuanzia: angevua hereni, wapigane. Lakini utamvulia hereni bibi wa kitawa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi?

Jumamosi akapanga foleni ya kitubio.

"Padre, nina wivu. Ila mwenye kosa ni Sista."

"Sista hajaja kuungama. Tuongee habari za aliyepiga magoti."

"Nataka tu kujua mdogo wangu anamwambia nini."

"Mwanangu, hapa unaleta dhambi zako, unaondolewa. Kule kwa Sista mtu anasaidiwa kuona Mungu anamvuta kwenda wapi. Kote kuwili hakuna dirisha la wapita njia."

Akamwondolea, na malipizi yakawa rozari moja kwa ajili ya Sista.

Spika aliisali kwa meno yaliyokazwa, na katikati ya fumbo la tatu likamjia wazo. Siri ya kitubio inamfunga padre. Sista si padre, haungamishi mtu. Basi hafungwi! Rozari aliimalizia njiani.

Sista alikuwa jikoni kwa watawa, anamenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli, sheria ile hainifungi," alisema. "Ananifunga yeye, kwa kuniamini. Lakini tuseme nimekwambia. Wewe ungemwambia nani?"

"Mimi? Simwambii mtu! Labda fundi cherehani, yule ni kama ndugu. Na muuza dawa, maana ataniuliza tu. Na..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Sista aliendelea kumenya, wala hakutabasamu, na hilo ndilo lililouma. Mwaka jana mdogo wake alimlilia begani kwamba mchumba amemwacha. Kesho yake wateja walifika na pole kabla binti hajapiga mswaki. Mtama ulimwagwa kwenye kuku wengi, na mwagaji ni yeye.

"Kumbe ni mimi niliyemleta kwako."

"Habari zake sizisemi," Sista alijibu, akamsogezea kisu cha pili. "Umeniletea za mdogo wako tu. Zako je?"

Spika akashika kiazi. Akaanza kumenya.

Siku ya pili yake mteja mmoja alimchokoza: "Eti Spika, mdogo wako anataka utawa? Parokiani haishi!"

Ulimi ukamwasha kama upupu.

"Muulize mwenyewe, si yule pale."

Mteja akamgusa paji la uso kupima homa. Pale kwenye sinki, bomba likafungwa.

Mteja alipoondoka, mdogo mtu akavuta kiti. "Dada, njoo nikuoshe kichwa."

Spika akalaza shingo. Povu likapanda, na vidole vikasugua taratibu.

"Si utawa," sauti ikasema juu yake. "Yule mchumba amerudi, anaomba msamaha. Sijui nimkubali au la."

Matusi yalijaa mdomoni mwa Spika. Akayameza moja moja, na povu kidogo.

"Sista alijua kabla yangu?"

"Kabla yako."

Hapo roho ikamchoma upya, kama sindano ileile kwenye tundu lilelile.

"Wala sikuwa na haja ya kujua," alisema.

"Huo uongo, dada, Jumamosi ukauungame." Akamfungulia maji ya baridi.