Toka Nje Tukuone

Siku habari zilipothibitika kwamba Kocha amehamia Mkuki, Fundi alikuwa ameinama juu ya meza yake akikata kioo cha kabati. Mkono ukamteleza, kioo kikapasuka mahali pasipotakiwa, na yeye, mtu ambaye hajawahi kumtukana hata paka wa jirani, akatoa tusi lililomfanya mkewe achungulie kutoka ndani.

"Kuna msiba?"

"Afadhali ungekuwa msiba," Fundi alisema. "Msiba una kuzikwa."

Fundi alikuwa mtu wa Nyundo tangu utotoni. Mkuki ilikuwa timu ya upande wa pili wa mji, na kati ya timu hizo mbili hapakuwa na salamu. Kocha aliikuta Nyundo ikiwa hoi, inafungwa na kila ajaye, akaiinua mpaka ikabeba kombe. Siku ya kombe mashabiki walimfuata hadi nyumbani kwake, wakajaa barabarani wakiimba, "Toka nje tukuone! Toka nje tukuone!" mpaka akatoka amemshika mkono mama yake mzazi, na yule bibi akacheza katikati yao kama msichana. Fundi alikuwepo. Alilia machozi ya furaha mbele za watu wala hakuona haya.

Baadaye mkataba wa Kocha ukaisha. Viongozi wa Nyundo wakawa wanampiga danadana, njoo kesho, njoo wiki ijayo, na Mkuki wakamwita. Barazani kwa Fundi, ambako mashabiki walizoea kukutana, watu waligawanyika. Wengine walisema kazi ni kazi. Wengine wakauliza, ni mke gani anayeachika jana, leo akaolewa na adui wa mumewe? Mkali kuliko wote alikuwa kaka wa mke wa Fundi, ambaye watu walimwita Tarumbeta kwa sababu ndiye aliyelipiga uwanjani.

"Anajua beki wetu yupi ana goti bovu," Tarumbeta alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako, jamani."

"Lakini alitupa kombe, shemeji."

"Alitulisha ili tunenepe, aje atuchinje."

Fundi hakujua ashike lipi. Asubuhi alimchukia Kocha, jioni akamkumbuka. Aliibandua picha yake ukutani, akashindwa kuitupa, akaisukumia nyuma ya vioo vilivyosimama kwenye kona, ikakaa huko.

Siku ya mechi ya Nyundo na Mkuki ikafika. Asubuhi, Fundi akiwa ameshavaa jezi yake, simu ikalia. Alikuwa mke wa Kocha.

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Usiku wametupiga mawe, dirisha la sebuleni lote limekwisha. Nimewapigia mafundi wengine, kila mmoja ana udhuru. Mama ana kifua, na upepo unaingia tu. Mwenyewe yuko kambini, tuko wawili humu ndani."

Fundi alifungua mdomo aseme kwamba hana kioo, na huku ameegemea rundo zima la vioo.

"Nakuja, dada," akajisikia akisema.

Alivaa ovaroli juu ya jezi, akavifunga vioo viwili katika blanketi, akavipakia kwenye baiskeli. Barabara kubwa ilikuwa imejaa vijana wenye bendera, kwa hiyo akakata vichochoro. Muuza mkaa alimuuliza anakwenda wapi na mzigo ule siku kama hii, naye akajibu kwamba ni kwa mwalimu mmoja hivi. Uongo ulitoka haraka mno, mpaka ukamtisha. Watu wa Nyundo wakijua anamtengenezea dirisha Kocha, nani angekuja kumuuliza sababu?

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya Kocha palikuwa pameandikwa MSALITI kwa rangi nyekundu. Mke wa Kocha alikuwa amesugua, lakini herufi zilikuwa bado zinasomeka. Alimfungulia Fundi mlango kidogo tu, kama anayemfungulia mwizi, akafunga komeo nyuma yake.

"Usimwambie mama chochote," alimnong'oneza. "Hajui kama mwanawe amehama. Tumemwambia dirisha limevunjwa na mpira wa watoto."

Bibi alikuwa kwenye kiti cha mikono, shali mabegani. Macho yake yalikuwa yamefifia siku hizi, akiona mwanga na vivuli basi.

"Nani huyo?"

"Mimi fundi wa vioo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Hao watoto wana miguu! Mpira mmoja dirisha zima! Mwanangu angewachukua Nyundo."

Fundi akacheka kicheko kikavu, akaanza kazi. Alikwangua puti ya zamani iliyoshikilia kioo, akaokota vipande vilivyobaki kwenye fremu, kimojakimoja, akiviweka katika ndoo taratibu visilie. Dirisha lilitazama barabara. Kila mtu aliyepita nje, Fundi aliinama. Alijichoma kwa misumari midogo ambayo alikuwa akiipigilia miaka na miaka huku anapiga soga.

Alipokwisha kukiweka kioo cha juu, na cha chini bado kimeegemezwa ukutani, akasikia ngoma.

Mwanzo zilikuwa mbali, akajipa moyo kwamba zinaelekea uwanjani. Kisha zikakata kona. Likafuata tarumbeta, na Fundi hakuhitaji kuchungulia. Sauti ile ya kukwaruza mwanzo na kunyooka mwishoni ilikuwa ya shemeji yake.

"Wanakuja hapa," mke wa Kocha alisema. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, hapigi, ameishika tu.

Wakafika. Barabara ikajaa kutoka ukuta hadi ukuta. Na wimbo ukaanza.

"Toka nje tukuone! Toka nje tukuone!"

Maneno yalikuwa yaleyale ya siku ya kombe, ila walikuwa wanayakata mwishoni, kama mtu anayepiga shoka. Fundi alikuwa ameuimba wimbo ule mara ngapi? Hakujua kwamba ukiwa ndani ya nyumba unatikisa vikombe kabatini. Hakujua kwamba ukiwa ndani huwezi kuzitenga sauti za watu, unasikia mnyama mmoja tu. Jiwe likagonga bati. Fundi alipiga magoti chini ya dirisha, na wazo lililomjia, aibu tupu, lilikuwa: je, kuna mlango wa nyuma?

Alipogeuka kuutafuta, alimwona bibi amesimama.

"Wamerudi!" bibi alisema, uso umemng'aa. "Wamekuja kutuimbia tena! Kwani wameshinda tayari?"

"Mama, kaa chini," mkwewe alimwambia.

"Nikae? Watu wamekuja mpaka mlangoni, nikae? Hiyo ni adabu ya wapi?"

Alijua njia ya mlango ule kuliko njia ya kinywa chake. Mkwewe alichelewa kwa hatua moja, Fundi kwa mbili, kwa kuwa alikuwa bado amepiga magoti. Komeo likalia, mlango ukafunguka, na bibi akatoka kibarazani na shali lake, akainua mikono juu, akapiga kigelegele.

Fundi akamfuata. Hakuwa shujaa. Alisema baadaye kwamba angekuwa na nusu dakika ya kufikiri asingetoka. Lakini alikuwa ameshamshika bibi mkono amrudishe, na bibi hakurudi, basi akajikuta naye yuko nje.

Waliokuwa mbele wakanyamaza. Kijana mmoja alikuwa ameinua mkono wenye jiwe, akabaki nao juu vile vile, hajui aupeleke wapi. Tarumbeta alikuwa hatua chache tu kutoka kibarazani. Alimtazama bibi, kisha akamtazama Fundi, ovaroli, mikono yenye puti, na kola ya jezi ya Nyundo iliyochungulia shingoni.

"Shemeji?" alisema. "Wewe? Humu?"

Fundi akaipandisha kola ya ovaroli.

"Yule kijana wa tarumbeta yupo?" bibi aliuliza, akielekeza uso palipotoka sauti. "Mara ile ulinipa nilishike. Zito! Nikakuambia mapafu yako mazima. Uko wapi, mwanangu?"

Tarumbeta akalishusha tarumbeta lake.

Lakini umati una mbele na una nyuma, na wa nyuma hawakuwa wameona lolote. Waliendelea kuimba, waliendelea kusukuma. Fundi aliliona jiwe likija kutoka huko, dogo, likipinda angani, akamvuta bibi kwa nguvu zote. Wakaanguka wote wawili. Jiwe likaingia kwenye tundu la dirisha, na ndani kioo cha chini kikapasuka kwa mlio ambao hata wa nyuma waliusikia.

Kimya. Bibi alikuwa juu ya mkono wa Fundi, mwepesi kama kikapu kitupu.

"Kwani wamekasirika?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

Fundi alisubiri jiwe la pili. Alifumba macho, akakaza mgongo. Badala yake akasikia tarumbeta likilia. Shemeji yake alikuwa ameugeukia umati, akapiga ule mwito wa kwendea uwanjani, ambao kila mtu wa Nyundo akiusikia miguu yake huanza yenyewe. Alipiga vibaya, pumzi zikikatika. Akaanza kutembea, akiwapasua katikati. Wa mbele wakamfuata upesi, wanafurahi kupata pa kwenda. Wa nyuma wakawafuata wa mbele. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameinama kwa Fundi na kumwambia, "Tutaonana kwako." Fundi hakujua kama ni ahadi au ni kitisho.

Ndani, mke wa Kocha alimfunga Fundi kitambaa kiganjani, alipojikata kwa kipande cha kioo walipoanguka. Bibi alikuwa mzima, goti tu limechubuka.

"Niambieni," bibi alisema. "Mimi macho ndiyo yamekufa, si mimi."

Mkwewe akamwambia yote. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe. Na wewe fundi, umekasirika?"

"Nimekasirika, mama," Fundi alisema. "Mwanao ametuumiza."

"Basi maliza dirisha, kisha ukasirike. Upepo unaniua."

Kioo kingine hakuwa nacho. Akapigilia ubao mahali pake, akaahidi kurudi.

Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli katika mitaa mitupu. Njiani akasikia uwanja ukinguruma, ngurumo moja kubwa, akasimama. Hakuweza kujua ni upande gani ulioshangilia. Alijua alipofika kwake, kwenye redio: Mkuki moja, Nyundo bila. Mkewe alikuwa ameshafunga madirisha yote.

"Tayari watu wanasema," alimwambia. "Muuza mkaa amekuja kuniuliza kama ni kweli mume wangu anakula na Mkuki."

Jioni walioshindwa wakarudi. Fundi alikaa gizani nyuma ya mlango, na nyuma yake karakana yote ya vioo, akifikiri jinsi ambavyo jiwe moja tu lingetosha. Akasikia nyayo, zikaja mpaka barazani, zikasimama. Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Fungua, shemeji."

Akafungua kwa sababu mkewe alimwambia afungue. Tarumbeta aliingia macho mekundu, sauti imekauka.

"Bibi hajaumia?"

"Hajaumia."

Tarumbeta akavuta kigoda, akarudi nacho nje, akakaa mbele ya mlango, tarumbeta mapajani. "Wanakuja," alisema. "Wamelewa na wanasema watakuja. Lazima kwanza wapite kwangu. Lakini usidhani nimekusamehe."

Walikuja kweli. Fundi aliwasikia wakibishana na shemeji yake, maneno mazito, jina lake likitajwa pamoja na mambo machafu. Mtu akaupiga ukuta teke. Mkewe alikuwa amemshika mkono wenye kidonda, akiubana bila kujua, naye hakuthubutu kulia. Kisha sauti zikasogea, zikapungua, zikaisha. Hata hapo hakuwasha taa.

Ndipo simu ikalia mfukoni. Namba aliijua.

"Fundi," Kocha alisema. "Nimeambiwa."

"Umetufunga, Kocha."

"Nimewafunga. Sikushangilia. Uliona?"

"Ningeona wapi? Nilikuwa kwako napigilia ubao."

Nyuma ya Kocha, Fundi aliwasikia wachezaji wa Mkuki wakiimba wimbo wao.

"Mama anasemaje?" Kocha aliuliza.

"Anakusubiri. Ana hasira na wewe."

"Na wewe?"

Fundi alitazama mlangoni. Kwenye upenyo wa chini alikiona kivuli cha shemeji yake, bado amekaa.

"Mimi pia," alisema. "Jumatatu nitaleta kioo. Usiwepo."