Mdomo wa Nje

Fundi wa lifti alikuwa wa nne kwenye foleni ya duka la dawa, na mtu mweusi pekee. Ugonjwa ulikuwa umepamba moto, na barakoa ilikuwa amri. Mzee mweupe aliyemtangulia alijifunga kitambaa cheusi hadi chini ya macho kama jambazi, na mlinzi akamfungulia mlango: "Karibu, mzee."

Fundi alipofika, mlinzi alinyoosha mkono. "Wewe, shusha hiyo nione sura."

Akaishusha.

"Humu huingii bila barakoa."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Mama yake mwenye pumu alikuwa ameketi kitandani, kifua kikipiga filimbi. Fundi alimsugua mgongo. Muda wote wa foleni alikuwa akitabasamu chini ya barakoa yake ili wasimwogope, na nani aliona?

Asubuhi aliamka mdomo umehamia kwenye barakoa. Ulikaa pale nje, meno yote hadharani, ukitabasamu.

"Mdomo umetoka nje," mama alisema kwa tabu. "Basi wahi, mwanangu."

Mlinzi alimpokea vizuri. "Enhe! Sasa unaonekana mtu wa watu. Pita."

Mama alivuta dawa, kifua kikafunguka. Pumzi ya kwanza aliyoipata aliitumia kusema, "Sasa mtukane yule mshenzi. Mtukane mpaka roho itulie."

Fundi alijaribu. "Samahani kwa usumbufu," mdomo ukasema. "Asante sana."

Aliivua barakoa akaitundika kwenye msumari. Chini ya pua yake palikuwa laini kama kiganja, na mdomo ukaendelea kucheka ukutani. Ikabidi mama amtukanie, na alitukana kwa moyo wote, mpaka akahitaji dawa tena.

Wakazoea. Akitaka kula aliivaa, akimaliza akaufuta mdomo kwa kitambaa cha mezani.

Ugonjwa ulipokwisha, watu walizitupa barakoa zao mitaani, wakakumbatiana. Dawa ya mama nayo ikaisha. Fundi alikwenda na uso mtupu, macho yamemwiva kwa ghadhabu, maana macho ndiyo yaliyobaki kuwa yake. Mlinzi, naye uso wazi, akanyoosha mkono.

"Wewe, ile inayocheka iko wapi?"

Nyumbani, kifua cha mama kilikuwa kimeanza tena kupiga filimbi. Pale pale mlangoni, fundi aliitoa barakoa mfukoni, akaivaa.

"Asante sana," mdomo ukasema.