Ubao wa Mama Seifu

Mimi si mtu wa kujitolea. Niseme mapema, maana picha yangu imebandikwa kwenye boma la Kajaga pamoja na za wenzangu, chini yake wameandika "bénévole", na watu wa mtaani kwetu Buyenzi wanaonijua wakiiona wanacheka mpaka wanashika ukuta. Mimi nilikwenda Kajaga kuuza sambusa.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda na kuingia majumbani mwa watu, na liliporudi nyuma liliacha tope mpaka magotini ndani ya boma la zamani la Wadachi, yaani Wajerumani, lile la ufukweni, ambalo miaka yote sisi tulilijua kama mahali pa kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mwalimu Valéry wa Ngagara, mstaafu aliyefundisha historia miaka thelathini na bado anaongea kana kwamba kengele haijalia, akakusanya watu kama ishirini ili walisafishe boma lile wafanye makumbusho. Kila Jumamosi, kazi za jamii zikishaisha mitaani, walikwenda kule na majembe yao. Watu ishirini, jua kali, hakuna hata kibanda cha chai. Nikajaza ndoo yangu ya sambusa nikawafuata.

Nilipofika nikamkuta dada mmoja wa ofisi za Kigobe, Ingrid, anafagia tope. Anafagia! Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kutazama kazi ikifanywa vibaya nikanyamaza.

"We dada, tope haifagiwe," nikamwambia. "Lete hiyo koleo."

Nilipoinua kichwa ilikuwa alasiri, gauni langu limeharibika na sambusa zimekwisha. Jumamosi iliyofuata nikaja na gauni bovu. Hivyo ndivyo nilivyojitolea.

Sasa nieleze habari ya ubao, maana bila huo hakuna kisa.

Nyumbani kwangu Buyenzi nilikuwa na ubao mmoja wa mvule, mrefu kuliko mwanamume, mzito wa kubebwa na watu wanne. Niliachiwa na bibi yangu mzaa baba. Harusi yoyote ya mitaa yetu, ubao ule ulikuwepo. Tunautandaza chini juu ya matofali, tunakaa wanawake kumi au kumi na wawili kuuzunguka, tunasukuma unga, tunakunja sambusa, tunasema watu. Upande wa juu una tundu la mraba, na bakuli la nyama linakaa humo sawasawa, halitikisiki. Tangu utoto nilijua ubao una tundu kwa sababu bakuli linahitaji mahali pa kukaa. Sikuwahi kufikiri zaidi.

Bibi alisema babu alitoka nao kazini. Kazini wapi, hakusema, nami sikuuliza. Alisema tu kwamba babu alichoka kusimama, kwamba huko kazini alisimama miaka minne na hakuna hata siku moja aliyoambiwa kaa. Alipoondoka akauchukua ubao, akaulaza chini, akasema kuanzia leo watu watakaa.

Mume wangu alifariki zamani. Seifu, mwanangu wa pekee, yuko Kanada, ananipigia simu kila Jumapili. Siku nyingine zilizobaki ubao ndio ulikuwa unaniletea watu. Mtu akitaka kuuazima hawezi kusimama mlangoni akasema nipe niende. Anabisha hodi, anakaa, anakunywa chai, ananieleza bwana harusi ni nani na mama mkwe ana tabia gani. Watu wa harusi tatu kwa mwezi, wengine kuja kuomba, wengine kurudisha, nyumba yangu haikuwa na kimya. Na mimi kimya sikipendi. Kinanitia hofu, sitaona haya kusema.

Tulipomaliza tope tukapaka kuta chokaa. Mwezi wa tatu wa kazi, Mwalimu Valéry akaja na picha. Alikuwa ameiomba kwenye hifadhi ya nyaraka mbali huko Ulaya, akaichapisha kubwa, akaishika mbele yetu wakati wa mapumziko.

"Tazameni lango," akasema. "Milango miwili. Kuta tunazo, alors, lakini lango limebaki tundu tupu. Fundi Jovithe atatuchongea mpya kwa kufuata iyi picha."

Nikasogea nione. Askari amesimama wima pembeni ya lango, uso hauonekani vizuri. Nyuma yake milango miwili mizito, wa kushoto hauna kitu, na wa kulia, juu, una kidirisha cha mraba cha mlinzi kuchungulia anayebisha. Pembeni ya kidirisha kuna misumari minne ya chuma. Ubao wangu una matundu manne pale pale. Kidole changu cha shahada kinayajua, kinaingia humo unga ukiwa unasubiri.

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Sikusema. Ningesemaje? Kusema ni kutoa, na nikitoa, nani atabisha hodi kwangu? Jumamosi tatu nilifanya kazi kama punda ili nisiitazame ile picha iliyotundikwa ukutani.

Lakini pale alikuwepo Jovithe. Huyu ni seremala wa Ngagara, mtu mpole, kalamu sikioni, na kwa kazi ile alikuwa amejitolea hata mbao zake mwenyewe, za mkaratusi, katika siku ambazo mbao ni shida kupatikana. Picha haina vipimo. Alikuwa anakisia tu, anapima kwa macho, anakata, anatikisa kichwa. Ubao mmoja mzima aliuharibu mbele yangu kwa kukata tundu lisilo mahali pake. Akauweka kando bila kulalamika, na mimi moyo ukaniuma.

Akachukua mwingine. Akaweka rula.

"Mama Seifu, iyi tundu mi naona iko kama sentimita ishirini na tano," akasema, akijisemea zaidi kuliko kuniuliza.

"Apana!" nikaruka. "Ishirini na tano bakuli haitaingia!"

Akainua macho. "Bakuli gani?"

Niliwaambia nina ugonjwa. Nikajibu, "Bakuli yoyote," nikajifanya nakohoa, nikaondoka. Ingrid akaniletea maji ya kunywa, maskini, akidhani vumbi limenikaba.

Jumanne Jovithe akabisha hodi Buyenzi. Alisema alikuwa anapita. Hakuna mtu wa Ngagara anayepita uani kwangu kwa bahati. Nikamkaribisha, nikampa chai, na pale uani ubao ulikuwa umeegemea ukuta, maana Asiya jirani yangu alikuwa ameurudisha jana yake. Jovithe akauzunguka. Akapitisha kiganja juu yake, akanusa kiganja, akatabasamu.

"Mafuta," akasema.

"Ya miaka mia na zaidi," nikasema. "Sambusa ya harusi zote za mitaa hii."

Akatia kidole kwenye tundu moja la msumari, akakaa kitako. "Ni yenyewe. Lakini mi sisemi kitu, Mama Seifu. Ubao ni yako, na mudomo ni yako."

Akamaliza chai yake akaenda. Na kweli, Jumamosi hakusema kitu. Aliendelea kuchonga mkaratusi wake, wakati huu tundu likiwa sentimita thelathini, na watu wakaja kumsifu. Mwalimu Valéry akaupapasa ule ubao mpya. Akasema wageni watakapofika, huo ndio watakaoupiga picha kwanza. Ingrid akasema unaonekana wa zamani kabisa.

Basi hapo ndipo niliposhindwa. Ningependa kusema nilisukumwa na historia ya nchi, au na babu yangu aliyesimama kwenye picha bila uso. Hapana, nilikuwa na wivu. Ule mkaratusi mbichi, bado unanukia utomvu, ndio upokee sifa za ubao wangu!

"Huo ni mtoto," nikasema kwa sauti. "Mama yake yuko kwangu."

Nikawaeleza yote. Mwalimu Valéry akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilifurahi kumwona hivyo. Lakini nilikuwa na sharti.

"Harusi zikifika, inatoka," nikasema. "Inafanya kazi yake, inarudi."

"Ah non, Mama Seifu. Kitu ya musée aitoki inje."

"Basi na haiingiye."

Wakacheka, yeye hakucheka. Akaanza kunieleza mambo ya uhifadhi, jinsi kitu cha kale kinavyolindwa, na kwamba hata hivyo ingebidi kwanza ukwanguliwe mafuta yote ubaki safi. Aliposema kukwangua nilihisi kama ananisogezea kisu mimi.

Jovithe ndiye aliyeniokoa. Akamshika mwalimu mkono, akampeleka langoni, akamwonyesha kipande cha fremu ya zamani kilichobaki ndani ya ukuta. Akakibonyeza kwa kidole kikawa unga.

"Muchwa," akasema. "Mulango wa kushoto pia wamekula, wameacha bawaba tu. Ule wa Mama Seifu hawajagusa. Sababu ni nini? Mafuta. Ukiondoa mafuta, mwaka kesho utakuwa huna kitu. Na ukikaa hapa bila harusi, mafuta itatoka wapi?"

Mwalimu Valéry akaukinga ule unga kiganjani, akautazama. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, harusi ni ngapi kwa mwaka. Nikamwambia vile Mungu atakavyopenda. Akakubali.

Jumatano iliyofuata Jovithe akaja na mkokoteni na vijana wanne. Niliwaambia wasubiri barazani, wanywe chai. Nilitaka kuupaka ubao mafuta mara ya mwisho nikiwa nao peke yangu. Nikaupaka taratibu, kila pembe, na nikaongea nao, ndiyo, mtu mzima wa miaka sitini na sita anaongea na ubao. Nikauambia mimi si mchoyo, lakini ukiondoka nani atabisha hodi? Nilipogeuka Jovithe alikuwa nyuma yangu anafunga kamba, kichwa chini, kama mtu asiyesikia lolote. Nikapangusa macho kwa kitambaa cha mafuta, kosa kubwa, yakawasha mpaka jioni.

Walipoufunga langoni tulisimama wote tukatazama. Kulia mzee mweusi, kushoto kijana wa mkaratusi, aliyechongwa upya bila tundu, mwenye rangi ya chai ya maziwa. Nikachungulia kwenye kidirisha, mahali pa bakuli, nikaliona ziwa. Nilijisikia vizuri sana. Nikarudi nyumbani, na pale uani ukuta ulikuwa na alama ndefu nyeupe pale ubao ulipokuwa umeegemea.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili hivyo hivyo. Nilijua wanakwenda Kajaga moja kwa moja, kwa nini wasiende, ubao uko huko. Nikapika chai ya mtu mmoja, nikasahau sukari, nikainywa hivyo hivyo. Seifu akapiga simu Jumapili nikamwambia mambo ni mazuri.

Alhamisi ya wiki ya tatu nikasikia hodi.

Alikuwa Saliha wa barabara ya pili, na dada zake wawili, na binti yake Yasmina anayeolewa, wote wanne wamevaa vizuri, na jasho linawatoka.

"Tumekuja juu ya ubao," akasema Saliha.

"Mbona uko Kajaga," nikasema. Ilitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

"Tunajua. Ndiko tunatoka! Mwalimu amekataa kutupa. Ametuonyesha kile kibao ya pale mulangoni, amesema mpaka tukufuate wewe. Yasmina, muonyeshe mama."

Yasmina akanipa simu yake. Picha ilikuwa ya kibao kidogo cha mkaratusi, kimepigiliwa ukutani pembeni ya lango. Nilikitambua. Upande mmoja kilikuwa na nusu ya tundu lisilo mahali pake, la ule ubao alioukosea Jovithe akauweka kando bila kulalamika. Juu yake, kwa kalamu nene ya useremala, maneno yameandikwa kwa mkono usiozoea kuandika mengi:

"Mlango huu unakwenda harusini. Hautoki bila neno la Mama Seifu. Aombwe nyumbani kwake Buyenzi, kwa kukaa, si kwa simu."

Niliyasoma mara mbili. Niliwapa mgongo kidogo, nikajifanya natafuta miwani ambayo nilikuwa nimeivaa.

"Sasa Mama Seifu, utatupa?" akauliza Yasmina.

"Bado sijamjua bwana harusi ni nani," nikasema. "Na mama mkwe ana tabia gani. Vueni viatu, kaeni."

Wakakaa. Nikaenda kubandika maji, sufuria ile kubwa.