Vibao vya Shamba la Parokia

Kwa miaka minne, kila Jumamosi asubuhi, siku ya posho, watoto wa mtaa wa Saio mjini Bunia walikuwa wakipita kugonga mlango wa Mama Hortense. Alikuwa mshonaji wa nguo, mjane, na lile kundi la kuwatembeza watoto alilianzisha mwenyewe bila kutumwa na mtu. Kilikuwa kipindi ambacho watoto walifungiwa sana ndani ya nyua kwa sababu ya habari mbaya za vita zilizokuwa zikitoka vijijini. Aliona wanachoka, wanapigana, wanalia bure. Jumamosi moja akawachukua kumi na mmoja, akawapeleka hadi kwenye mianzi kando ya mto Nyamukau, wakaketi kimya kutazama ndege wanavyosuka viota. Wiki iliyofuata walikuja ishirini.

Baadaye parokia iliwapa kipande cha shamba nyuma ya kanisa, wakapanda miti. Watu wazima wachache wakajitolea kusaidia. Mmoja wao alikuwa Papa Katsuva, mchimba visima aliyehamia kutoka upande wa Butembo miaka mingi iliyopita, mtu wa maneno machache. Karibu mashimo yote ya ile miti aliyachimba yeye. Ufunguo wa lango ulikaa kwa Mama Hortense, na alipenda ukae kwake.

Kisha akaja Rébecca.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, wazazi wake watu wa Fataki waliohamia Bunia. Alikuwa amemaliza masomo ya kilimo na kufanya staji, mazoezi ya kazi, ya miezi sita Epulu, kwenye hifadhi ya okapi. Padri ndiye aliyemleta, akasema anataka kujitolea. Hortense alimpokea vizuri, hata chai alimpikia. Jumamosi ya kwanza Rébecca alitembea nyuma, akisikiliza. Ya pili watoto walimwomba awaonyeshe jinsi okapi anavyosafisha sikio lake kwa ulimi. Alitoa ulimi, akauvuta kuelekea sikioni, akageuza macho, akashindwa. Watoto walianguka majanini kwa kicheko. Hortense naye alicheka. Lakini jioni, akiwa kwenye cherehani, kile kicheko kilimrudia na hakikumfurahisha tena.

Tangu hapo alianza kuhesabu watoto wangapi walitembea karibu na Rébecca na wangapi walibaki kwake. Hakutaka kuhesabu, lakini macho yalikwenda yenyewe. Kulikuwa na msichana wa jirani, Arielle, wa miaka tisa, ambaye tangu akiwa mdogo hakuvuka daraja bila kumshika Hortense mkono. Jumamosi moja alivuka ameshika mkono wa Rébecca, akiongea bila kupumzika, wala hakugeuka nyuma. Hortense alivuka peke yake, mkono wake umening'inia, akaona haya kama mtu aliyevaa nguo kinyume mbele ya watu.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuweza kumkuta na kosa. Rébecca alimwita mama, alimwomba ruhusa kwa kila jambo, alimtangulizia salamu. Alimuuliza majina ya miti katika lugha za hapa, akayaandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata Hortense aliyasikia majina yale yale vinywani mwa watoto, nao wakisema wamefundishwa na tantine Rébecca, shangazi yao mpya. Basi alipoulizwa tena, akawa anajibu kwamba hajui.

Mwezi wa tano parokia iliandaa siku ya kuwaonyesha wazazi shamba. Kila mti ungekuwa na kibao chenye jina lake na kazi yake, na kila mtoto angesimama mbele ya mti mmoja kuusemea. Rébecca na watoto walipaka rangi vibao kwa wiki mbili. Ijumaa alasiri alivilaza chini, kila kibao kwenye shina lake, na Papa Katsuva akapita nyuma yake akivifunga kwa waya mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo hiyo programu ilitoka. Juu kabisa, kwa herufi nene, ilikuwa imeandikwa: mwongozi, Rébecca. Chini, kwenye orodha ya wasaidizi, jina la Hortense lilikuwa la tatu, tena limeandikwa “Ortance”.

Aliisoma ile karatasi amesimama katikati ya njia. Kisha akaikunja mara nne na kuitia ndani ya sidiria, akaenda nayo nyumbani.

Jumamosi alfajiri alifungua lango ili afagie. Ni kweli alikwenda kufagia, hata ufagio alikuwa nao. Lakini alipofika kwenye mvule, mti alioupanda kwa mkono wake na kuumwagilia kiangazi kizima kwa maji ya kubeba kichwani, akaona mwandiko mzuri wa Rébecca umefungwa kiunoni mwake. Koleo la waya la Papa Katsuva lilikuwa bado juu ya jiwe. Hortense alilichukua, akafungua waya. Cha mvule akakipeleka kwenye grevilea, cha grevilea kwenye musizi, cha musizi kwenye mvule. Kisha akavihamisha na vingine vitatu. Haikumchukua hata nusu saa. Alipomaliza alifagia, akakaza kitambaa kichwani, akangoja watu.

Wazazi walikuja wengi, wengine wametoka salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, na majembe yao begani. Mambo yalianza vizuri. Mtoto wa nne ndiye aliyesoma kwa sauti kibao kilichosema grevilea, akiwa amesimama chini ya musizi. Lambert, seremala wa mtaa, akasema kwamba amepiga randa mbao za grevilea miaka ishirini, na ule si grevilea. Watu walicheka kidogo. Mtoto wa tano akakosea, wakacheka zaidi. Ikafika zamu ya Arielle, mbele ya mvule. Alikitazama kibao, akautazama mti, akamtazama Rébecca. Mti aliujua. Lakini kibao alikiandika tantine mwenyewe. Alifungua mdomo asome, akaanza kulia.

Hortense alikuwa ameliona jambo hili mara nyingi kichwani mwake asubuhi ile, ila ndani ya kichwa chake hakukuwa na Arielle anayelia.

Rébecca alimfuta Arielle machozi, akawaambia watu kwamba vibao vimechanganyika. Kisha akamgeukia Papa Katsuva na kumuuliza polepole, kwa heshima, kama jana alikuta baadhi ya vibao vimesogezwa. Kabla mzee hajajibu, Lambert akadakia kwamba aliyefunga si ana macho, basi asome hapa alifunga nini. Hakusema kwa ubaya, alitaka tu mambo yaende mbele.

Papa Katsuva alivua kofia. Alikisogelea kibao cha mvule, akakitazama muda mrefu, midomo yake ikitikisika bila sauti. Kila mmoja, mkubwa na mdogo, akaelewa kwamba mzee hajui kusoma. Mtu mmoja huko nyuma akacheka puani. Rébecca alisema haraka kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyevilaza vibaya, lakini mzee alikuwa ameshavaa kofia yake na anaelekea langoni.

Ili kuokoa siku, padri alimwomba Mama Hortense aseme maneno machache, kwa kuwa yeye ndiye wa zamani. Alisema. Alieleza jinsi walivyoanza, watoto kumi na mmoja na viota vya ndege, na alisema vizuri, wazazi wakapiga makofi. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba afadhali kazi irudi kwa huyu mama, vijana hawa ni diploma tu. Hortense alilisikia. Ndilo neno alilolitamani wiki zote zile. Alirudi kukaa, na hakumtazama mtu yeyote mpaka watu walipotawanyika.

Siku mbili alishona bila kuona anachoshona. Gauni la mteja alilikata mikono yote miwili ya upande wa kushoto. Jumatatu alasiri akaacha kazi, akaenda kwa Papa Katsuva.

Agathe, mke wa mzee, alimpokea uani. Alimwambia kwamba mzee amesema hatarudi shambani, na kwamba tangu siku ile hajaenda hata kisimani kwa watu waliomwita. Miaka yote alishika vitu kwa kichwa, alisema Agathe. Hata kanisani alishika kitabu cha nyimbo kimefunguliwa kama wengine. Kisha akamwita mumewe na kuwaacha wawili.

Hortense hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema yote akiwa amesimama: koleo, waya, vibao sita, karatasi ya programu. Mzee alisikiliza akitazama viganja vyake.

“Weye ulijua kama mi sijue kusoma?” aliuliza mwishoni.

“Hapana, papa. Sikujua.”

“Basi haukufanya juu yangu.” Akavigeuza viganja. “Lakini ni mimi iliangukia.”

Hortense alimwambia kwamba Jumamosi atasimama mbele ya watu wote na kumsafisha jina. Mzee akatikisa kichwa.

“Sema ile ulifanya weye. Jina yangu uliache. Sitaki banisikilie huruma tena.”

Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimsindikiza hadi njiani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akarudi ndani.

Jumamosi Hortense aliwangoja watoto na wale wazazi waliokuja kuwaleta, akasimama karibu na lango. Alikuwa amejitayarishia maneno marefu tangu usiku, lakini yalipofika kinywani yalikuwa machache.

“Bile bibao, ni mimi niligeuza. Asubuhi, mbele mufike. Rébecca hakukosa, na hakuna mutu mwingine alikosa.”

Wazazi walitazamana. Arielle alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Rébecca aliuliza kwa sauti ya chini, “Juu ya nini, mama?”

“Juu ya wivu. Batoto balikuwa bangu. Weye ulikuja, bakakufuata.”

Uso wa Rébecca ulikuwa umekaza, na kwa mara ya kwanza Hortense aliona kwamba binti huyu mpole anaweza kukasirika sana. Alisema kwamba kama mama alimkasirikia yeye, angempiga yeye. Kumtoa machozi mtoto, na yale mengine yaliyotokea, hilo hataweza kulisahau kesho wala kesho kutwa. Kisha akanyoosha mkono.

“Ufunguo, mama. Tafadhali.”

Hortense alimpa. Hakuna aliyemwambia aende nyumbani, wala hakuna aliyemwambia abaki. Watoto walipotoka kuelekea mtoni, alijikuta anatembea nyuma kabisa, pamoja na wadogo wanaosimama kila hatua kuokota mawe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumamosi zilizofuata. Papa Katsuva alirudi baada ya wiki tatu, bila kumweleza mtu sababu. Vibao hakuvigusa tena. Aliwafundisha watoto kusikiliza udongo unavyobadilika sauti chini ya beleshi, na yeye na Hortense walisalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Wivu nao haukuisha. Kila Arielle alipokimbilia mbele, Hortense alihisi kitu kile kile kikimpanda kifuani. Alikijua sasa, akakiacha kiendelee kupanda, huku akimfunga mtoto mmoja viatu au kumpangusa mwingine kamasi.

Mwezi wa saba, wakiwa katika njia nyembamba upande wa mto Shari, kundi lilisimama ghafla mbele na watoto wakarudi nyuma wakisukumana. Juu ya tawi lililoinama njiani kulikuwa na kinyonga, mkubwa, wa kijani. Hortense alipopita kusogea mbele aliona kwamba Rébecca pia amerudi hatua nne, ameshika kifua kwa mikono miwili. Alikuwa ameishi miezi sita msituni, lakini kinyonga, alisema akijaribu kutabasamu, tangu utotoni hawezi.

Hortense alinyoosha kidole chake mbele ya yule mnyama, akangoja. Kinyonga aliweka mguu mmoja, akayumba, akaweka wa pili, akampanda mkononi. Watoto wakamzunguka. Mmoja baada ya mwingine wakauliza maswali, na yeye akajibu: macho yanageuka kila moja kwa upande wake, ulimi ni mrefu kuliko mwili, hana sumu hata kidogo. Arielle alisimama ubavuni mwake kabisa.

Aliinua macho akamwona Rébecca amebaki peke yake njiani. Raha aliyoihisi ilikuwa kubwa, kubwa kupita kiasi, na aliona aibu kwa ukubwa wake. Lakini hakuweza kusema kwamba haikuwepo.

“Sogea kidogo,” alimwambia. “Mi niko namushika.”

Rébecca alisogea hatua moja, kisha ya pili.

“Umushike muzuri, mama,” alisema.