Taa ya Wasiosema

Lori lilikuwa limekwisha kuiacha Kwihara nyuma Masolwa alipomwuliza mkewe kama amefunga mlango. Alilazwa chali juu ya magunia ya mtama, kafungwa kamba kifuani asirushwe na mashimo.

"Nimefunga," Koleta akasema.

Mlango wenyewe ulikuwa humo humo ndani ya lori, chini ya tenga la kuku. Paa lilikwisha kushushwa jana yake. Mgambo walifunga kamba kwenye boriti, na Hilari, katibu wa kijiji kipya, akasema vuteni, maana nyumba isiyo na paa haimwiti mtu kurudi. Masolwa alikuwa ndani akitafuta jembe. Akapaza sauti kwamba yumo. Hilari akamsikia, akasema tena vuteni. Boriti ikamshukia mgongoni.

Walipofika Itetemia mbwa wao aliruka kuifuata njia ya nyumbani, akaangukia nyonga. Jina lake Watajua. Mbwa hupewa jina la kuwafikia majirani, ukimwita umewaambia. Koleta akaligonga bati la lori mpaka likasimama. Hilari akatoa kichwa dirishani.

"Mama, mbwa hayumo kwenye mpango."

"Na sisi tuliingia lini?" Akashuka, akambeba, akapanda naye.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi vilivyopigwa mstari mmoja katikati ya nyasi. Zahanati nayo ilikuwa kigingi. Chini ya turubai mume na mbwa wakalala wakipokezana kuugua, huyu akinyamaza yule anaanza, na mawingu ya kupandia yakaanza kukusanyika. Koleta alijaribu kulima peke yake. Ardhi ilikuwa haijawahi kuguswa na jembe, akafika jioni amefungua kipande cha kutosha kuku kutaga.

Huko Mtendeni, mtaa wa mjini, alikuwako mzee Twalibu, aliyestaafu reli akabaki na taa ya ishara yenye kioo chekundu. Aliifunika kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, akafunga madirisha mchana kweupe, na mwali ukatoka mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Ulipotua penye maumivu ya mnyama, maumivu yaliondoka. Walikwisha kupona punda wa wachota maji, mbuzi, na paka wote wa sokoni. Watu wa mjini waliona ni msaada mzuri, walilalamikia tu kuadimika kwa mafuta ya taa.

"Shikamoo, babu," Koleta akasema, mbwa mabegani.

"Marahaba. Mweke hapo mlangoni. Akinilamba ni kuosha mara saba, na moja iwe ya udongo, nami bomba limekauka tangu asubuhi."

Hakumgusa. Ndivyo kazi ilivyoanza: zamani behewa lilimponda mbwa wa stesheni, yeye ana udhu, akakosa namna ya kumsaidia ila kummulika kutoka mbali. Mwali ukakaa juu ya nyonga ya Watajua. Mfupa ukalia kama ufunguo kwenye kitasa. Mbwa akainuka, akaukojolea mwimo wa mlango.

"Haya, na mlango nao unataka udongo," Twalibu akasema.

Ijumaa iliyofuata Koleta akamleta Masolwa kwa mkokoteni. Wakamlaza kifudifudi. Mwali ukamfikia, ukapinda, ukampita ubavuni, ukatua ukutani. Twalibu akajaribu kutoka upande wa pili. Ukapinda tena.

"Panauma hapa chini ya mbavu," Masolwa akasema. "Ni boriti. Hilari alisikia nimo ndani."

Twalibu akazima taa. "Ndiyo hivyo, mama. Huyu anaweza kusema panapomuuma. Taa hii humfuata asiyeweza."

Njiani kurudi Koleta alisukuma mkokoteni bila kumtazama. "Nyamaza basi," akasema. "Nyamaza mpaka upone."

"Mkubwa wa wilaya anakuja kwenye mkutano. Nitamwambia. Neno hilo tu ndilo ambalo hawakulishusha kwa kamba."

"Utalipanda? Litaota?"

Mvua ya kwanza ilinyesha, majirani wakapanda, na usiku Masolwa aliuma kamba ya kitanda asilie. Koleta akapiga magoti pale udongoni, akamwomba kama mtu anavyomwomba mkweze. Asubuhi Masolwa hakusema panapouma. Kesho yake hakusema lolote. Siku moja akafungua kinywa amwite mbwa, pakatoka pumzi tu. Koleta akaenda kuazima mkokoteni.

Safari hii mwali ulimkalia mgongoni ukatulia. Walirudi kwa miguu, mkokoteni mtupu mbele, Watajua nyuma. Masolwa akalima shamba lote, ingawa kwa kuchelewa.

Siku ya mkutano, mkubwa wa wilaya akauliza kama yupo aliyeumia katika kuhama.

"Ipo porojo ya mtu aliyevunjika mgongo," Hilari akasema. "Bwana Masolwa, hebu simama."

Masolwa akasimama, amenyooka kama nguzo ya simu. Akafungua kinywa. Watu wakangoja. Pakatoka pumzi tu, akakifunga.

Koleta akainuka. "Alikuwa ndani, mzee. Huyu katibu alimsikia."

"Wewe ulikuwa naye humo ndani?"

"Nilikuwa nje, nakamata kuku."

"Basi, mama, kaa. Mume mwenyewe yupo, mzima, hana neno." Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ndivyo mkutano ulivyofungwa.

Hilari alipandishwa cheo akahamia Nzega. Mzee Twalibu alikufa mwaka uliofuata. Kabla ya hapo watu wengi wa vijiji vipya walimjia wakiwa kimya kabisa, na wote wakapona. Boriti ya Kwihara ilichomwa mkaa. Watajua alikufa kwa uzee. Masolwa yu hai, na kila msimu wa kupanda Koleta humwuliza kama mgongo unamuuma. Hutikisa kichwa. Haumuumi.