Lengalenga ya Mama Mariette

Mimi Kavira sipendi kudanganywa, na zaidi sipendi kudanganywa kwa mboga. Basi lengalenga, mchicha wetu wa huku, niliyopanda nyuma ya nyumba yangu hapa Butembo, upande wa Rughenda, ilipotoa maua mekundu yenye mikunjo kama upanga wa jogoo, niling'oa shina zima na mizizi yake nikaenda nalo sokoni kumtafuta Kambere, aliyeniuzia mbegu. Udongo ulinidondokea kwenye kitenge njia nzima. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na nilitaka soko lote lijue.

Kumbe sikuwa peke yangu. Wateja wengine walikuwa wamefika kabla yangu, kila mmoja na ua lake, na Kambere ameketi katikati yao kama bwana harusi. Mmoja alisema ni dawa ya Uganda. Gamaliel, mwimbishaji wa kwaya ya Waprotestanti, alishikilia kwamba ni mboga iliyosikia mabomu ikapotewa na akili. Majani machanga tulikuwa tumeyala sote, na mafuta ya mawese, yakalika vizuri. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Séphora alikuwa amenifuata ili nisipigane. Msichana huyu nilikuwa nikiishi naye tangu vita vilipowafukuza watu Oicha. Njiani, katika msongamano wa wakimbizi, alipotezana na mama yake, Mariette. Aliuliza makanisani, aliuliza madereva wa malori, aliuliza kila mgeni aliyetua mzigo. Siku za karibuni alikuwa ameacha kuuliza, na huko kuacha kuliniogopesha kuliko machozi.

Alinipokonya lile ua. Akafikicha sehemu ya chini, mahali mbegu zinapokaa ndani ya vifuko vidogo vikavu, akapuliza makapi. Kiganjani zikabaki mbegu nyeusi, ndogo, zinazong'aa. Akamwomba Kambere mbegu za lengalenga ya kweli, akaziweka kando ya zile za ua. Tuliinama sote, Gamaliel na miwani yake, mimi na hasira zangu. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Séphora akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharagwe, nami nikadhani ameharibikiwa.

Alipopata pumzi alitueleza. Kule Oicha mama yake aliuza mbegu hizo kila msimu na kuziita lengalenga. Watu walinunua mboga wakavuna mapambo ya altare. Jirani walimwambia, padri alimwambia, Séphora mwenyewe alimwambia. Yeye alijibu kwamba mbegu zake hazina kosa, udongo wao ndio wenye maringo.

“Tantine,” aliniambia mimi shangazi yake wa hiari, “mutu mwingine wa kukosea hivi, hapana.”

Nilitaka kucheka naye, lakini moyo ulinishuka. Mbegu hukaa. Mtu anaweza kufa, na mbegu zake zikaendelea kuzunguka sokoni. Nilimuuliza Kambere alizinunua lini na kwa nani, huku nikiomba Mungu asijibu vibaya. Alisema kwa mama mmoja wa soko la Kalunguta. Tena siku ya soko iliyopita alikwenda kumlalamikia, na yule mama akamjibu kwamba watu wa Butembo hawajui kupika.

Jibu hilo lilikuwa la Mariette mtupu. Nilimkumbatia Kambere mbele za watu, mimi niliyekuja kumvunja pua. Gamaliel alianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemnyamazisha.

Siku ya soko tulipanda lori la chumvi hadi Kalunguta. Séphora alishika ua lake mkononi. Kwenye kizuizi cha askari alishindwa kujizuia kucheka, na askari mmoja akacheka pia bila kujua anacheka nini, akatupungia mkono tupite.

Tulimkuta. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amepungua mwili, kichwa ameinamisha, anapima mbegu kwa kifuniko cha chupa huku wateja wakimlaumu juu ya kichwa chake. Nilifungua kinywa kuita, Séphora akanibana mkono. Alijipenyeza kati ya walalamikaji, akaliweka ua mkekani, akasema kwa sauti ndogo:

“Mama, lengalenga yako imenitolea maua.”

Mariette hakuinua kichwa. “Mutoto wangu alikuwa ananiambiaka vile vile,” alisema, akiendelea kupima. “Nilikuwa namukatalia. Kama alikuwa hapa leo, ningemuitikia tu.”

“Basi niitikie, mama.”

Kifuniko kilimponyoka. Sijui nani alimrukia nani. Mbegu zilimwagika mkeka mzima, walalamikaji wakapiga vigelegele, nami nililia kwa furaha mpaka kamasi, sioni haya kusema. Walipoachiana, Mariette alimshika binti yake mashavu, akamtazama sana, kisha akalitazama lile ua. Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

“Lakini ile ni lengalenga,” alisema.