Mjukuu wa Wachungaji wa Kondoo

Siku ambayo Mkorea alikuwa aje, Nkambo Chilufya alifagia uwanja wa nyumba, parsele yake, mara mbili. Mara ya kwanza kwa ufagio wa njiti, mara ya pili kwa ule laini, baada ya kunyunyiza maji ili vumbi jekundu la Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, lilale. Kila hatua alisimama kupumua. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu Pasaka, na akibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki pale pale kama amebonyeza bukari, ugali wa moto. Daktari wa dispensari hakumzungusha: moyo umechoka, mama, dawa hii ni ya kuchelewesha tu. Nkambo alimwambia mtu mmoja peke yake, Constance, jirani wa ukuta mmoja, halafu akafunga mdomo.

Si kwamba aliogopa kufa. Aliogopa kumwacha Nono.

Nono alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka tisa. Mama yake, Brigitte, alikufa akizaa mimba ya pili, na mtoto akaenda naye. Mjomba wake Alphonse, ambaye kwa desturi ya bena Mbushi, watu wa ukoo wa Mbuzi, ndiye angemchukua, udongo ulimfunika ndani ya shimo la kuchimba mawe upande wa Kipushi. Baba yake, Seo Min-ho, fundi wa pampu za mgodi kutoka Korea, alianguka kazini mwaka uliopita na hakuinuka. Constance mwenyewe alikuwa na watoto saba katika vyumba viwili, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwambia atafute pengine. Ukitaka kuhesabu watu wa Nono, ulihesabu kidole kimoja, na kidole hicho nacho kimevimba.

Min-ho alikuwa mkwe mzuri, tusimseme vibaya. Siku za Mungu, baada ya misa, alikaa kwenye mkeka na Nono mapajani, akapanga vipande vya makaa viwe kondoo, maharagwe yawe farasi, kisha akachota chumvi na kuimwaga mstari mrefu.

"Weye Seo, chumvi yangu!" Nkambo alilalamika kila mara.

"Si chumvi, mama. Ni baridi ya kule juu."

Halafu alianza, na mwanzo wake ulikuwa ule ule: "Sisi hatukuanza na mchele." Alisema mababu wa mababu zake hawakuwa na shamba wala ukuta. Walikaa mbali kaskazini, kwenye nchi ya majani isiyo na mti, katika nyumba za manyoya ya kondoo yaliyopigwapigwa mpaka yakawa kama blanketi nene. Majani yakiisha, walikunja nyumba, wakaipandisha juu ya farasi, wakafuata maji. Walikunywa maziwa ya farasi. Vizazi kwa vizazi walishuka hivyo, na wanyama mbele yao, mpaka wakafika ncha ya nchi ambako bahari inakata njia, na ndipo wakalazimika kujifunza kulima. Nono alisukuma makaa kwa kidole mpaka kucha zake zikawa nyeusi.

Habari hiyo ya uchungaji ilitaka kuharibu ndoa, hapo zamani. Siku Min-ho alipokuja kumuomba Brigitte, Alphonse aliruka kwenye kiti.

"Sasa kama ni bantu ya kuchunga banyama, si na yeye ni mwena Mbushi? Iko kaka ya Brigitte huyu! Muntu anaoaka dada yake?"

Jambo lilikuwa zito. Wazee wa ukoo wakamwuliza Min-ho: babu zako walichunga nini hasa? Min-ho hakucheka. Alitoka nje, akampigia baba yake simu huko Korea, akarudi jasho likimtoka.

"Baba anasema kondoo na farasi. Mbuzi walikuwapo, lakini wachache."

"Wachache!" Alphonse alipiga makofi. "Basi ni ndugu ya mbali. Apite, apite, tukule!"

Wote hao sasa walikuwa chini ya ardhi. Lakini yule baba wa Korea alikuwa hai, na miaka tisini. Mwezi wa tano, Paulin, aliyekuwa akifasiri lugha kule mgodini, alikuja na simu yake akamsomea Nkambo ujumbe. Mzee alikuwa anaandikisha upya kitabu cha ukoo wao, kitabu kinachochapishwa mara moja kila miaka thelathini. Alitaka kujua chini ya jina la Min-ho aandike nini. Mwanawe mkubwa angekuja kuuliza mwenyewe. Mwisho wa ujumbe ulisema hivi: kama mtoto ni wa nyumba yetu, tutamlea.

Nkambo alimwomba Paulin asome mstari ule tena, na tena.

"Mama, useme tu moja kwa moja," Constance alimshauri wakichambua sombe, majani ya muhogo. "Useme: mi mugonjwa, mumubebe."

"Nimutoe sawa vile muntu anatupa paka ku barabara? Apana. Bakimuomba, batamuona ni muntu. Nikimusukuma, atafika kule aoshe basahani yabo mpaka azeeke."

"Na bakikosa kuomba?"

"Bataomba. Ni bantu ya kondoo bale."

Kwa bena Mbushi jambo hili lina njia yake. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Watu wa baba wakimtaka, wanakuja kumuomba, na siku ya kwanza wanakatazwa. Ni lazima. Bibi anasema mtoto ni wetu, hatoki hapa, mwende. Wageni wanapiga makofi polepole, wanakwenda. Siku ya pili wanarudi na kuku. Wanakatazwa tena, ila safari hii kwa kicheko. Siku ya tatu mlango unafunguliwa, mtoto anapakwa mafuta, anatolewa kwa heshima, na kule anakokwenda hakuna atakayemwambia kwamba aliokotwa. Nkambo mwenyewe aliombwa hivyo alipokuwa mdogo. Hata pale soko la mbuzi, neno la kwanza la muuzaji ni hapana, na mnunuzi asiyejua hilo anaonekana mgonjwa. Kwa hiyo Nkambo alijisemea: watu ambao babu zao waliishi kwa wanyama, nani atawafundisha jambo hili?

Kaka mkubwa wa Min-ho alifika saa nne pamoja na Paulin. Alikuwa mzee mwembamba wa nywele nyeupe, mwalimu wa historia aliyestaafu, na koti la kijivu lililopigwa pasi. Alivua viatu mlangoni ingawa ilikuwa mwezi wa sita na saruji ilikuwa baridi. Kiti alikikataa, akakaa kwenye mkeka. Alimtazama Nono, macho yake, mashavu yake, akakunja midomo kama mtu anayezuia kitu.

Nono hakuona haya. "Baba mukubwa, ni kweli babu zetu balikuwaka na farasi?"

Paulin akafasiri. Mzee alifikiri kabla ya kujibu.

"Anasema, wenye kusoma bado bako banagombana. Bamoja banasema ndiyo, tulitoka ku bachungaji ba kaskazini. Bengine banasema hapana, tulikuwaka balimaji tangu mwanzo. Anasema yeye alifundisha yote mbili, juu mwalimu hana ruhusa ya kuchagua. Lakini baba yabo anashika ile habari ya kondoo, na baba yako aliishika."

"Na ye mwenyewe?"

"Anasema anakaa mu nyumba ndefu, etaji ya kumi na nne. Hayagusaka kondoo hata siku moja." Paulin akatabasamu. "Lakini anasema leo ametembea mbali sana kutafuta mumoja."

Nkambo alisikia moyo wake uliochoka ukiruka. Hapo ndipo mgeni alipoweka mikono yote miwili juu ya mkeka na kuuliza kile alichokuja kuuliza.

"Mama," Paulin alisema, "anauliza: mutoto huyu ni wa nani?"

Nkambo alinyoosha mgongo. Alikuwa amejizoeza siku nyingi, na sauti ilitoka bila kutetemeka.

"Umuambie hivi. Mutoto huyu ni wetu. Alitoka mu tumbo ya mwana wangu, ni mwena Mbushi. Ku bantu ya kuchunga, mutoto ya mbuzi ni ya mwenye mbuzi jike. Dume anatokaka popote, hakuna mwenye kumuulizia. Hatutamutoa. Mwende."

Paulin alisita. Watu wake walitoka kaskazini ya Katanga pamoja na reli, na kwao mtoto ni wa baba, hakuna maneno. Njia ya bena Mbushi hakuijua. Alimtazama Nkambo, akaona uso mgumu kama jiwe, akafasiri neno kwa neno kama alivyosikia.

Maji ya chai yalichemka juu ya mbabula, jiko la makaa, nje, hakuna aliyekwenda kuyatoa. Hatimaye mgeni alisema jambo fupi.

"Anasema amesikia. Anasema hata baba yake angesema vile: mwenye munyama akisema ni wangu, muchungaji ya kweli habishane naye."

Kisha mzee yule aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akabaki hapo. Nkambo alipiga makofi polepole, furaha ikimjaa. Alidhani anaona siku ya kwanza ikifungwa vizuri kuliko alivyowahi kuona. Mtu wa Lubumbashi hasa asingeinama hivyo! Mgeni alivaa viatu, akamgusa Nono kichwani kwa mikono miwili, akaondoka.

"Amekwenda wapi, Nkambo?" Nono aliuliza.

"Kutafuta kuku."

Siku ya pili Nkambo alifagia tena. Alimvalisha Nono gauni ya komunyo, akamketisha mahali pasipo vumbi. Jioni ilipofika, alisema labda kuku wa mjini ni ghali, au mgeni hajui pa kumnunua. Siku ya tatu Nono alikataa gauni.

"Inanibana, Nkambo. Na hakuna muntu."

"Uvae."

Constance alichungulia juu ya ukuta. "Mama, tuma muntu amuulize Paulin."

"Nimukimbilie? Niende kumuambia, tafazali uniombe? Huoni haya?"

"Ile haya itakulelea mutoto?"

Siku ya nne Nkambo alichukua fimbo. Kutoka kwake mpaka kwa Paulin ni mwendo wa robo saa. Alitumia asubuhi nzima, akikaa juu ya tofali la huyu, kwenye kibaraza cha yule. Paulin alimkuta mlangoni, midomo imekuwa ya buluu, akamletea maji.

"Mama! Kuko nini?"

"Mugeni amechelewa. Nilitaka kujua atakuya na kuku lini."

"Kuku gani? Alipanda ndege kesho yake asubuhi."

Nkambo alieleza. Alieleza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jinsi mtu anavyokataa ili aombwe. Alipoendelea, Paulin alijishika kichwa kwa mikono, kisha akakaa chini.

"Mama, na miye njo nilifasiri. Kwa nini hukunikonyeza hata jicho?"

"Kila muntu anayuaka ile."

"Kwetu hapana, mama. Kwetu hapana."

Alipiga simu, haikupokewa. Akaandika. Walikaa wakiangalia kioo cha simu, yeye kwenye kiti, Nkambo kwenye mkeka na miguu mbele. Jibu lilikuja saa saba, na Paulin alilisoma polepole.

"Anasema: baba yetu alilia, kisha akasema mama yule amesema sawa, tusimunyanganye. Kitabu tulikwisha kutuma ku bachapaji. Chini ya jina ya ndugu yangu tuliandika hakuna mutoto, juu ya kuheshimu neno yako. Anaomba musamaha kama kuya kwake kulikuumiza."

"Uandike kama mi mugonjwa. Uandike moyo. Uandike yote."

Paulin aliandika yote, vidole vikikosea na kurudi. Safari hii walingoja mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba.

"Anasema: mama mwenye alikataza kwa nguvu vile, ugonjwa usimulazimishe kutoa damu yake. Baba yake anakatala kuchukua mutoto juu ya mateso ya muntu. Anakuombea upone."

"Uandike tena."

Aliandika tena. Aliandika kesho yake, na keshokutwa, na siku nane baadaye. Wiki ya tatu ujumbe ulibaki pale ulipo, bila kusomwa.

Nono hakuuliza habari ya kuku. Aliona tu kwamba bibi yake hafagii tena, kwamba anafanya kazi zote akiwa ameketi, na kwamba usingizi anaupata kwa kuegemea ukuta. Asubuhi moja, kabla ya masomo, Nkambo alimwita akae mbele yake.

"Nilikuonesha nini yana?"

"Mulango ya nyuma. Unainua kidogo, njo unasukuma."

"Ukiamka, unaniita mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa sauti gani?"

"Ya nguvu."

"Na nikikosa kuitika?"

"Siguse kitu. Ninaenda kwa Mama Constance."

"Bila viatu?"

"Na viatu. Na sweta."

"Muzuri." Nkambo alimfunga kifungo cha shingo, akakifungua, akakifunga tena. "Sema tena, tangu mwanzo."

Nono alisema tena tangu mwanzo, mlango, mara tatu, sauti ya nguvu, viatu, sweta.

"Nkambo, na Mama Constance atanipeleka wapi?"

Nkambo alimgeuza taratibu kwa mabega, akamtazamisha barabarani.

"Uende," alisema. "Utachelewa masomo."